Programu ilisema makosa sifuri, tanki likamwagika usiku kucha

Mwaka 2019 nilipata kakazi ka kutengeneza mtambo wa kuwasha na kuzima pampu ya kisima kwenye kijiji kimoja huko Singida, na kwa jinsi nilivokua najiona mjanja nikaiambia kamati ya maji mwezi mmoja unatosha. Ikaja kukaa sawa baada ya miezi saba. Ule mwezi mmoja niliutaja kwa kujiamini kabisa kwasababu kazi karibu yote ilikua inafanywa na programu, mi nabofya tu, hii inachora bodi yenyewe, ile inaandika kodi yenyewe (kodi ya kompyuta naongelea, sio ile ya serikali), sasa mimi nichelewe wapi?

Hali ya pale ilikua hivi. Kisima kiko bondeni, kina pampu ya kuzamisha ya kilowati 3, fezi tatu. Tanki la lita 50,000 liko juu ya kilima cha mawe, yale mawe ya Singida yaliyokaa kama mtu kayapanga, kilomita moja na kitu kutoka kwenye pampu. Mzee wa pampu alikua anawasha stata (boksi la kuwashia pampu), afu kwenye saa kumi anapanda kilimani na baiskeli, anaisukuma sio anaiendesha, akifika anagonga tanki kwa jiwe kusikiliza maji yamefika wapi, yakiwa yamejaa anashuka anazima. Magoti yalishaanza kumsumbua, kamati ikasema tafuteni kijana wa umeme atuwekee kitu.

Kitu chenyewe nilichobuni: juu kwenye tanki kuna boya na kibodi kidogo chenye moduli ya simu ya SIM800L, tanki likijaa kinatuma meseji kwa bodi ya chini na nakala kwa simu ya mzee, bodi ya chini inaachia kontakta (swichi kubwa ya umeme wa pampu), pampu inazima. Bodi zote mbili ndani yake kuna chipu ya STM32F103, ile inayokuja kwenye kibodi cha bluu wanakiita Blue Pill. Kwenye karatasi ilikua kazi ya mtoto.

Sasa niseme ukweli kuhusu hizi programu, maana kuna watu wanazidharau na mimi sipo upande wao. Kabla ya CubeMX, programu ya kuandalia chipu hizi za STM32, ukitaka kuamsha chipu kama hiyo ilibidi ukae na kitabu chake cha kurasa zaidi ya elfu moja, utafute rejista gani (vile vijisehemu vya mipangilio ndani ya chipu) inawasha nini, saa ya ndani inapita wapi. Kwenye CubeMX unaona picha ya chipu, unabofya pini unasema wewe utakua unatuma, wewe unapokea, kwenye ukurasa wa saa unaandika unataka megahezi 72 yenyewe inapiga hesabu, kristali (ile inayopiga mapigo ya saa) ya megahezi 8 mara 9, tayari. Unabonyeza, inakutemea mafaili ya C yamepangwa vizuri kuliko ningeandika mimi. Siku ya kwanza taa ilipoanza kuwaka na kuzima nilijipigia makofi chumbani peke yangu.

Siku hiyohiyo jioni chipu ikafa. Nimebadilisha kitu kidogo, nachomeka ST-Link, kifaa cha kuingizia programu kwenye chipu, niingize upya, kompyuta inasema hamna chipu hapa. Nikachukua bodi nyingine, ikaingia mara moja vizuri, mara ya pili nayo imekufa. Ya tatu hivohivo. Mbili nilishazitupa kwenye ndoo ya taka nikisema Kariakoo wameniuzia feki, tena nikamsimulia na jamaa yangu vile wauzaji hawana huruma. Kumbe ni mimi. Kwenye CubeMX kuna sehemu ya SYS, ndani yake kuna mahali pa kuchagua njia ya kuingilia kwenye chipu, usipochagua chochote programu inaelewa kwamba huhitaji mlango, basi kwenye kodi inaandika mstari mmoja wa kuufunga, zile pini PA13 na PA14 zinabaki pini za kawaida. Chipu nzima kabisa, imejifungia ndani tu. Unashikilia kitufe cha kuriseti wakati unaunganisha, au unahamisha kijampa cha BOOT0, inakubali. Nikaenda kuziokota kwenye ndoo, moja ilikua imeshamwagikiwa chai.

Ya pili naipita haraka maana kila aliyetumia hii kitu kashalizwa nayo. Kwenye mafaili inayozalisha kuna vistari vimeandikwa USER CODE BEGIN na USER CODE END, ukiandika katikati yake ukizalisha upya inakuachia, ukiandika nje inafuta. Nilikua nimeandika nje. Siku mbili za kazi ya kusoma majibu ya moduli ya simu, nikaongeza pini moja ya taa, nikabonyeza zalisha, hamna kitu. Wala haikuuliza. Nilikua situnzi nakala popote, siku hiyo ndo nilianza kutumia Git, programu ya kutunza nakala za kodi.

Tuje kwenye bodi yenyewe, hapa ndo nilipata elimu ya gharama. Mchoro niliufanya KiCad, programu ya kuchorea bodi, na KiCad yenyewe haipitishi njia za umeme peke yake, unatoa faili la dsn unalipeleka kwenye programu nyingine inaitwa Freerouting, hiyo inahangaika yenyewe afu inakurudishia faili la ses na njia zote zimechorwa. Ukiangalia inavofanya kazi ni raha, vistari vinakimbia kama sisimizi, vinagongana, vinarudi, vinatafuta pengine, dakika kama kumi hivi zote zimeunganishwa, asilimia mia. Nikarudi KiCad nikakagua kanuni, ikasema makosa sifuri. Nikatuma China zikachapwe, bodi kumi.

Zilivyorudi nikazilehemu, nikazijaribu hapa Dar wiki nzima, meseji zinaenda zinarudi, kontakta inashika inaachia, hamna shida yoyote. Nikafunga mzigo, basi la alfajiri mpaka Singida, siku iliyofuata niko juu ya kilima na mzee wa pampu ananishikia ngazi. Nawasha, taa ya moduli inapepesa inatafuta mtandao, inakaribia kushika, pap, inazima inaanza upya. Inapepesa, inakaribia, pap. Nikabadilisha laini ya mtandao mwingine, vilevile. Mzee kaniangalia mda mrefu afu akasema, "Mwanangu, hiyo kitu inaogopa kitu." Nilicheka ila alikua amepatia kuliko mimi.

Nikachukua mita nikapima umeme unaofika kwenye moduli, volti 4.0, imetulia kama maji ya mtungini. Karatasi ya moduli inasema ipewe kati ya 3.4 na 4.4. Sasa shida nini? Nilishinda juu ya yale mawe mpaka jua linazama, nikarudi Dar na aibu yangu.

Dar nikaazima osiloskopu, mashine inayochora volti inavyopanda na kushuka, chuoni kwa rafiki, na hapo ndo nikaona kile mita haikuniambia. Wale wa zamani mnakumbuka ukiweka simu karibu na redio, kabla haijaita redio inaanza trrr-trrr-trrr. Sauti ile ni simu inarusha kwa mikupuo, mara 217 kwa sekunde, kila mkupuo ni kama nusu milisekunde tu, na SIM800L ikirusha kwa nguvu zake zote kila mkupuo unaweza kunywa mpaka ampea 2. Mita inakupa wastani, haiwezi kuona nusu milisekunde. Kwenye skopu nikaona volti imekua kama meno ya msumeno, inashuka mpaka 3.2 inapanda inashuka, na chini ya 3.4 moduli inajizima yenyewe kujilinda.

Kwanini inashuka? Nikaifungua bodi kwenye kompyuta nikafuata njia ya umeme kwa kidole kwenye skrini. Inatoka kwenye reguleta (inayotengeneza zile volti 4), badala ya kwenda moja kwa moja kwenye moduli ambayo iko pale jirani, inazunguka nyuma ya chipu, inaingia kwenye kitundu inatokea upande wa chini, inapita chini ya kristali, inapanda tena, yaani kama daladala linalokwepa trafiki. Sentimita 11, upana robo milimita. Kopa ya bodi za kawaida ina unene wa mikroni 35, ukipiga hesabu njia hiyo ina ohm 0.2 na ushee, na ya kurudi, yani GND, nayo ilipita njia za panya hivohivo kwasababu sikumwaga kopa (kuijaza eneo lote) upande wa chini. Jumla kama 0.4. Zidisha kwa ampea 2, hiyo ni volti 0.8 imepotelea njiani. 4.0 toa 0.8. Hesabu ya darasa la sita.

Freerouting haikukosea hata kidogo. Haijui kama njia ile ni ya umeme wa moduli au ya taa ndogo ya kijani, mi ndo nilitakiwa niiambie njia za aina hii upana wake uwe kadhaa, kuna sehemu yake kabisa kwenye KiCad, niliiacha kama nilivyoikuta. Na makosa sifuri maana yake ni sifuri kwa kanuni nilizoweka, na mimi sikuweka kanuni yoyote.

Ila kilichonitesa zaidi ni swali la kwanini Dar ilifanya kazi wiki nzima. Jibu lake nililipata usiku nikiwa nimelala. Dar mnara uko jirani, mtandao unaiambia moduli punguza sauti nakusikia, inarusha kwa nguvu kidogo na umeme inakula kidogo. Kule kilimani mnara uko mbali, inabidi ipige kelele kwa mapafu yote. Kwahiyo wiki nzima nilikua napima kitu ambacho Singida hakipo. Siku hizi nikijaribu kitu cha mtandao nyumbani nakifungia ndani ya sufuria la bati na mfuniko wake, ikishindwa humo ndani bora nijue mapema, mke wangu kashazoea.

Dawa ya haraka ilikua kulehemu waya mnene kutoka kwenye reguleta mpaka kwenye moduli juu kwa juu, na kapasita ya mikrofaradi 1000, yani katanki ka umeme, imebanwa pembeni ya moduli kabisa. Dawa ya kweli ilikua bodi mpya, njia ya umeme milimita 2, GND imemwagwa upande mzima. Na utaratibu nilionao mpaka leo ni kwamba umeme mkubwa, kristali na antena nachora kwa mkono wangu, nazifunga zisiguswe, afu ndo naiachia Freerouting ihangaike na vitaa na vibatani. Hapo iko vizuri sana na inaniokolea siku nzima.

Kuna na ya mbwa. Kwenye hizi chipu kuna kitu kinaitwa wochidogi, yaani mbwa mlinzi, ni taima inayohesabu kushuka, programu yako inatakiwa imlishe kila baada ya mda, ikikwama ikasahau kumlisha anairiseti chipu. Kwenye F103 unaweza kumpa mpaka sekunde 26 hivi. CubeMX inakuwekea mbwa kwa kutiki kiboksi kimoja tu, safi, ila kumlisha unajua mwenyewe utafanyia wapi. Mimi nikaona mahali pazuri ni kwenye intarapti ya taima, ile inayoikatiza programu kuu kidogo na kuita kila sekunde bila kukosa. Si unaona ujinga ulipo? Programu kuu ikawa imekwama inasubiri moduli ijibu OK, moduli imelala haijibu, na taima kule pembeni inaendelea kumlisha mbwa nyama kama kawaida. Bodi ilikaa siku tatu imekufa na mbwa kashiba. Tatizo hilo sikuambiwa na programu yoyote, niliambiwa na mzee kwa simu, "taa inawaka lakini haina akili."

Sasa tanki lenyewe. Kwenye bodi mpya nikaamua mantiki ya pampu nisiandike kwa mkono, nikatumia programu ya kuchora hali, unachora maboksi, PAMPU IMEZIMA, PAMPU INAJAZA, TANKI LIMEJAA, unaweka mishale ya nini kinakutoa boksi moja kwenda lingine, yenyewe inazalisha C. Kampuni za magari na ndege nazo zinaenda hivohivo na Simulink yao, ni njia ya watu wazima, mimi nilikua na ya bure tu. Nikachora, ikakagua, ikaniambia boksi moja halina mshale wa kuingia, kweli nilisahau, nikaweka. Ikasema kila kitu sawa. Nikaiendesha humohumo kwenye kompyuta, unabofya "meseji imefika" boksi linabadilika rangi, tamu sana. Nikawaonesha mpaka kamati wakapiga makofi.

Ikafanya kazi wiki mbili. Wiki ya tatu, siku ya Jumanne saa kumi na mbili kasoro asubuhi, simu inaita, mzee wa pampu. Namsalimia shikamoo haitikii. Ananiambia maji yanatiririka kilimani toka usiku, njia imechimbika, alizeti ya jirani yake imelala yote, na sasa hivi yeye ndo ameenda kuzima kwa mkono wake. Pampu inatoa lita elfu 5 kwa saa, tanki lilijaa kwenye saa nne usiku, piga mwenyewe, lita kama 40,000 zimeshuka mlimani, na uniti 24 za luku zimeenda nazo. Namwomba radhi, namuuliza hivi meseji haikuja? Wakati anavuta pumzi anijibu nikasikia kitochi chake kinalia kwenye sikio lake, akakaa kimya kidogo, afu akasoma taratibu herufi moja moja: "TANKI... LIMEJAA." Umeme ulikua umekatika upande wa mnara usiku kucha, ulivyorudi meseji zote zikashuka kwa pamoja.

Nikafungua ule mchoro wangu mzuri nikauangalia kama saa nzima. Maboksi yote yapo, mishale yote ipo. Kila mshale unasubiri habari, hakuna hata boksi moja la kutokua na habari. Programu ilikagua kama ninaweza kufika kila boksi nililochora, boksi ambalo sikulichora ingelikagua vipi? Na mimi nilikaa mezani nikifikiria pampu na tanki, mnara sikuufikiria kama ni sehemu ya mtambo wangu wakati ndo ulikua katikati kabisa.

Nikaongeza boksi nikaliita KIMYA. Bodi ya juu ikawa inatoa ripoti kila dakika 15 hata kama hakuna jipya, ya chini ikikosa ripoti mbili mfululizo inaingia KIMYA na kuzima pampu. Hapa naisifu ile programu, maana kuongeza boksi moja kwenye mantiki iliyoandikwa kwa mkono ni kugusa sehemu saba na kusahau ya nane, kwenye mchoro nilivuta mishale minne nikazalisha, mchana wa siku hiyohiyo nimemaliza.

Halafu kina mama wakaja juu. Mtandao ukikatika mchana pampu inazima, ndoo zimepangwa foleni, maji kisimani yapo, umeme upo, mashine inasubiri meseji! Mwenyekiti wa kamati akaniuliza hivi wewe umetuletea pampu au umetuletea karani. Nikabadilisha tena, KIMYA ikaruhusiwa kujaza masaa mawili afu inapumzika, ikitegemea kwamba kwa mda huo tanki lililokua na nafasi haliwezi kumwagika sana. Na baadae nikaondoa meseji kabisa kati ya bodi na bodi nikaweka redio za LoRa, zinazoongea mbali bila laini ya simu, kilima na bonde vinaonana bila kizuizi, ripoti inafika kwa sekunde, laini ya simu ikabaki ya kumtaarifu mzee tu.

Mzee mwenyewe alikua na sharti lake moja ambalo halikuwepo kwenye mchoro wangu wowote. Alitaka swichi kwenye stata, upande mmoja wa mashine, upande mmoja wa mkono, na ule wa mkono usipite kwenye bodi yangu hata kidogo. Nikaweka, waya mtupu kutoka kwenye swichi mpaka kwenye koili ya kontakta kupitia ovalodi yake (kinga ya mota isizidiwe). Mpaka leo ndo sehemu pekee ya ule mtambo ambayo haijawahi kunipigia simu.

Mara ya mwisho kupita pale tulipanda wote kilimani. Nikamwonesha kwenye simu, maboya sasa yako matatu, la chini limeinuka, la kati limeinuka, la juu bado. Akatikisa kichwa, akainama akaokota jiwe lake, liko palepale chini ya tanki, akagonga mara mbili akaweka sikio.

"Bado robo," akasema.

Bodi yangu ina maboya matatu tu, robo haiijui.